Herufi Mbili Kwenye Tranka

Mariamu,

Nimeliandika jina lote, na nimelikazia wino, ili ulione vizuri.

Barua za watu wenye adabu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Umekwenda sokoni na mama yako kutafuta ndala na ndoo yenye mfuniko, na mtarudi mmenuniana kwa sababu ya rangi ya ndoo. Hali yangu mimi ni ya mtu aliyekasirika. Niliswali alasiri nikidhani nikishatoa salamu hasira itakuwa imepoa, na haikupoa. Sasa nimekaa sebuleni, tranka lako liko mbele yangu, na kila nikiinua macho nalisoma: MARIA Y. BAKARI.

Maria ni nani? Katika nyumba hii simjui. Na kama ulikusudia kujificha, mbona Bakari umemwacha amesimama pale na kanzu yake? Mtu anajificha shamba la karanga, mgongo wote uko nje! Hata uongo, mwanangu, una ufundi wake, na mimi niliyeufanya miaka kumi na tisa nakwambia huu wako umelipuliwa.

Nilipokuuliza asubuhi ulinijibu huku unakunja shuka, bila kunitazama: "Ni kurahisisha tu, Baba." Nilitaka kupiga kelele. Sikupiga, nikatoka nje nikaenda kumwagilia mchicha ambao ulikuwa umeshamwagiliwa. Maneno hayo ni yangu, Mariamu. Ni yangu neno kwa neno, mpaka hiyo "tu" ya mwisho.

Mambo ya chuoni, ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutoazimana nguo na wenzako, mama yako ameshakuambia, na kesho atakuambia tena njia nzima mpaka kwenye pantoni Kigongo. Mimi huko sina la kuongeza. Nina jambo moja nimelikalia miaka kumi na mbili, na kama usingeandikisha hilo jina kwenye bati pengine ningelikalia mpaka kaburini. Kwa hiyo nakushukuru, ingawa umenichosha.

Unajua nilifanya kazi kiwanda cha sabuni kule Nyakato mpaka kilipouzwa na sisi tukapunguzwa. Pale kiwandani hapakuwa na mtu anayeitwa Yusufu. Palikuwa na Yosefu.

Nilipoanza nilikuwa kijana, nimemwoa mama yako juzijuzi, kibarua wa kubeba magunia ya magadi. Siku moja msimamizi akatafuta mtu wa kufundishwa mashine ya kupiga chapa kwenye miche ya sabuni. Akasoma majina, akafika kwangu, akasema, "Huyu hapana. Hawa Waswahili kila Ijumaa wanataka ruhusa, na Ramadhani wanaangukia mashine." Alisema nikiwa nimesimama pale pale, na wala hakuwa na chuki usoni. Alisema kama anavyosema leo mvua itanyesha. Bibi yako mzaa baba, kama unavyojua, ni Msukuma wa Misungwi, na tulipochimba tukakuta anatoka kijiji kimoja na shangazi wa huyo huyo msimamizi. Haikusaidia kitu. Babu yako alikuja kutoka Ujiji na kofia yake ya kitambaa, basi mimi nikawa Mswahili, na Mswahili kwa huku kwetu ni mtu wa maneno mengi na kazi kidogo. Mimi nilikuwa nimebeba magunia arobaini tangu asubuhi.

Jioni karani mmoja aliyenionea huruma akanivuta pembeni. "Kijana, hapa kuna herufi mbili tu. U hii iwe o, hii iwe e. Nani atajua? Ni kurahisisha tu." Nikamshukuru, na maneno yake nikayafanya yangu. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako nimepata mashine, lakini sikumwambia nimeipataje.

Sasa sikia maisha ya Yosefu. Yosefu haombi ruhusa ya Ijumaa. Yosefu analetewa chai saa nne, mwezi wa Ramadhani, na lazima aichukue. Nilikuwa nazunguka nayo nyuma ya mapipa ya mawese, naimwaga kwenye majani. Majani yale yalinyweshwa chai ya maziwa miaka kumi na tisa, yakanenepa kuliko bustani ya meneja. Halafu Yosefu anasikia yote. Watu wakidhani wewe ni mwenzao hawachagui maneno. Waislamu hawasomi, Waislamu ni ngoma na harusi, Muislamu ukimpa stoo atauza mpaka mlango. Wanasema, kisha wanakugeukia ucheke. Nilicheka. Nilikuwa hodari wa kucheka kuliko waliotunga mzaha wenyewe.

Nazungukazunguka tu. Ngoja nifike pale ninapopaogopa.

Ulikuwa na miaka minane. Siku hiyo nilisahau chakula, na mama yako akakuunganisha na jirani aliyekuwa anakwenda kuuza nyanya Nyakato, uniletee hotpoti. Ulikuwa umetoka madrasa, hukubadili nguo. Mlinzi wa geti ukamwambia unamtafuta Yusufu Bakari. Baadaye aliniambia mlivyobishana.

"Hapa hakuna Yusufu, mtoto wangu. Labda Yosefu?"

"Baba yangu ni Yusufu. Anapiga chapa sabuni."

"Anayepiga chapa ni Yosefu."

"Basi niitie huyo nimwone."

Ulikuwa mbishi tangu zamani. Nikaitwa. Nikatoka, na msimamizi akatoka nyuma yangu akifuta mikono kwa tambara. Nikakuona umesimama juani na mtandio wako mweupe, umekumbatia hotpoti, umeanza kucheka kwa sababu umeniona. Mlinzi akaniuliza, "Yosefu, huyu ni wako?"

Nikasema, "Hapana. Ni mtoto wa jirani. Wamemtuma tu."

Cheko lako likakatika. Ukanitazama, ukamtazama yule mtu nyuma yangu, ukanitazama tena. Kisha ukaelewa, haraka kuliko ambavyo mtu mzima angeelewa. Ukapiga goti, ukanipa hotpoti kwa mikono miwili, ukasema, "Shikamoo, mzee."

Nami nikaitikia marahaba.

Nimeandika mstari huo nikasimama nikaenda hadi mlangoni nikarudi. Ule wali niliula, Mariamu. Niliumaliza. Jioni nikaingia nyumbani, ukanipokea kama siku zote, "Shikamoo, Baba," na mimi nikajifanya siku ilikuwa ya kawaida. Hukumwambia mama yako. Hukuniuliza. Miaka kumi na mbili umeibeba na mimi nikajidanganya kwamba watoto husahau. Nilikukana getini, mbele ya watu, wakati wewe umetoka kunipigania kwa ubishi kwamba mimi ni Yusufu. Naomba unisamehe. Naomba kwa barua kwa sababu mdomo wangu ni mwoga, umezoea.

Ndiyo maana hilo tranka linaniudhi hivi. Nikilitazama naona mwandiko wangu. Hakuna shule iliyokufundisha kukata jina. Ni mimi, kwa sentensi moja, getini, na wewe ulikuwa mwanafunzi mwepesi.

Kiwanda kilipouzwa orodha ya wa kupunguzwa ilibandikwa ukutani, na Yosefu alikuwa wa saba kutoka juu. Na ujanja wake wote, na chai zake zote alizomwaga! Ulikuwa kidato cha pili. Unaukumbuka ule mwaka kwa sababu ndio mwaka niliovunja redio. Silali, nikikaa moyo unakwenda mbio kama nimekimbizwa, nikiitwa kula nakasirika, nisipoitwa nakasirika zaidi. Majirani wakasema ni jini. Mama yako akaleta kombe la maji ya aya, nikanywa. Wengine wakaja kunipa subira. Kila aliyeingia aliniachia subira kama mtu anayeleta sahani ya futari, akaondoka zake amepata thawabu. Mimi subira siichezei, ni jambo kubwa katika dini yetu. Lakini nani aliwaambia subira ni kufunga mdomo? Nabii Yaakubu alimlilia Yusufu wake mpaka macho yakapofuka, na sijasikia mtu aliyemwambia imani yake imepungua.

Aliyenisaidia kwanza, na hili uliseme huko uendako ukisikia watu wanasema Waislamu hawajui ila hirizi, alikuwa shehe wetu wa hapa Mirongo. Alinisomea dua siku tatu. Siku ya tatu akafunga msahafu, akasema, "Yusufu, dua nitaendelea kukuombea. Lakini kesho nenda hospitali. Aliyeteremsha maradhi ameteremsha na dawa, nawe unakaa hapa unataka mimi nikutibu moyo unaokwenda mbio kwa mate yangu?" Alikuwa amekereka kweli. Nadhani ndiyo sababu nilimsikiliza.

Aliyenipeleka ni Masanja. Unamjua, yule Msukuma mrefu tuliyekuwa naye mashine moja, msharika wa kanisa tangu kuzaliwa, anayekuletea viazi vitamu. Tukakaa kwenye benchi la hospitali pamoja na watu wengine kama ishirini. Nesi akatoka na kadi.

"Yusufu Bakari!"

Nikakaa.

"Yusufu Bakari!"

Nikamwonea huruma huyo Yusufu anayepoteza zamu yake. Aliita mara ya tatu, na Masanja akanigonga goti.

"Wewe, si unaitwa?"

"Nani?"

"Yusufu. Kuna mwingine hapa?"

Niliona haya mara mbili. Kwanza kwa kuwa sikulitambua jina nililopewa na baba yangu. Pili kwa kuwa Masanja alilitamka kama mtu aliyelizoea. Nikamuuliza alijua lini.

"Mwaka ule ule wa kwanza. Mtu gani anaenda nyuma ya mapipa na kikombe kimejaa, anatoka nacho kitupu, na midomo imekauka hivyo?"

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umejifunika. Nikufunue ili iwe nini? Nikasema atakapotaka ataniambia. Nikasubili." Masanja r haijawahi kumkubali. Akaongeza, "Na yule mtoto wa jilani nilimsindikiza mpaka balabalani. Mtoto wa jilani, pua yako, paji lako, na kidole chako cha mguu! Nikamnunulia andazi. Hakulia. Heli angelia."

Kwa hiyo kulikuwa na mtu, Mariamu. Miaka yote ile nilipokuwa najiona niko peke yangu katikati ya maadui, mtu niliyesimama naye mashine moja alikuwa ananingoja nifungue mdomo. Msimamizi alikuwa vile alivyokuwa, sitamsafisha. Lakini nilikuwa nimemweka Masanja naye kwenye gunia moja na msimamizi, na nikalifunga kwa kamba. Ningemwambia mwaka wa pili tu, huenda nisingevunja redio ya watu.

Nesi yule, nisimsahau, angeweza kupita jina langu akaita linalofuata. Alitoka nje ya mlango, akaja mpaka kwenye benchi, akaita mara ya nne akitutazama mmoja mmoja. Daktari alinipa vidonge vya wiki mbili vya usingizi. Dawa yenyewe ilikuwa kwenda kila Jumanne kukaa na kuzungumza. Siku ya kwanza nilimwambia sina la kusema, na nikasema saa nzima. Mama yako alidhani nakwenda kupimwa presha. Nilimwachia adhani hivyo mwezi mzima kabla ya kumwambia, mjinga mimi, bado nikirahisisha.

Sasa wewe. Mwaka jana ulipokuwa unasaidia kwenye lile duka la dawa, mwenye duka alikuita Maria siku ya kwanza na hukumsahihisha. Mimi nilijua. Nilipita pale kununua klorokwini ya mama yako nikamsikia anakuita, na wewe ukanifanyia ishara kwa macho ninyamaze. Nikanyamaza! Nikanunua vidonge nikaondoka kama mteja. Baba na binti, tumesimama kwenye kaunta moja, kila mmoja anamficha mwenzake. Halafu ukaanza kuumwa kichwa na kutapika. Mama yako akakupa dawa ya malaria mara tatu. Malaria gani inayoingia kila Jumatatu asubuhi na kupona Jumamosi mchana? Mimi niliitambua siku ya kwanza, kwa sababu nimeiugua, na sikusema kitu, nikakuacha unameza uchungu wa klorokwini juu ya uchungu mwingine. Yule mwenye duka alikuwa anasema nini mbele yako? Hujawahi kuniambia. Naweza kukisia, maana maneno hayo hayabadiliki, wanabadilika tu wanaoyasema.

Ninachokiogopa ndicho hicho. Siogopi chuo cha uuguzi cha masista. Barua yao ninayo hapa, imepigwa mashine vizuri, Mariamu Yusufu Bakari, hakuna herufi waliyoikata, na wameeleza kwamba wa dini nyingine mtaonyeshwa pa kusalia. Umejikata mwenyewe kabla hujaonyeshwa kisu. Pengine kisu kipo, sikatai. Pengine atatokea mtu hukohuko wodini wa kukuambia nyie Waswahili hivi na vile. Ninachoogopa ni ile Jumatatu. Uko ng'ambo ya Busisi, kichwa kinauma, na wote wanamjua Maria, na Maria hana pa kusemea maana akisema amejifichua. Nikikuandikia nitaandika Mariamu kwenye bahasha, na mtu atasema hapa hakuna Mariamu, na barua itarudi nyumbani.

Usinielewe vibaya. Aliyeanza ubaya ni yule anayesoma jina la mtu na kufunga mlango. Ningekuwa naye sebuleni ningemwambia yeye. Lakini huyo haji kwangu, aliyepo ni wewe na tranka, na hasira yake umeibeba wewe. Hilo nalo unisamehe. Wala sikutumi ukapigane na kila mtu. Kuna siku utapima, utaona kunyamaza ndiyo salama, na utanyamaza. Nyamaza siku hiyo. Lakini jua lisizame hujamwambia mtu mmoja. Mwambie mwenzako wa kitanda cha jirani, au matroni, au sista yeyote mwenye masikio, maana akina Masanja wako kila mahali na hawana alama usoni, lazima uwajaribu. Na mimi niandikie. Usiniandikie "sijambo, masomo yanaendelea vizuri." Barua ya namna hiyo nitaichoma jikoni. Niandikie "Baba, leo Jumatatu."

Na siku moja utasimama wewe mlangoni na kadi mkononi, kwenye benchi kuna watu ishirini, na kuna mmoja haitiki. Usilipite jina lake.

Rangi nyeupe iliyobaki nilipopaka madirisha nimeitoa chini ya kitanda, nimeiweka juu ya tranka pamoja na brashi ndogo, na barua hii nitailaza chini ya kopo. Nimepima kwa kidole. Kati ya MARIA na Y. pana nafasi ya herufi mbili, ila M itabidi uibane kidogo. Sijui kama fundi uliyempa aandike aliiacha kwa makusudi. Mimi sitaandika. Sitaki iwe kazi ya mkono wangu tena. Ukiamua kubaki Maria, kesho nitalibeba tranka hilihili begani mpaka kwenye basi, na sitasema neno, hata mama yako atashangaa nimepatwa na nini.

Lakini Kigongo nitasema. Pantoni ikishajaa, wewe uko ndani na mimi nimebaki huku na wauza mahindi na ng'ombe wa watu, nitakuita kwa sauti, jina zima. Wageuke wote. Na yeyote atakayeuliza huyo ni nani, nitamwambia ni mwanangu, wa kumzaa. Nilipaswa kusema hivyo mbele ya msimamizi. Wewe itika unavyotaka.

Nasikia sauti zenu uchochoroni. Nimechungulia dirishani, ndoo ni ya bluu, naona mama yako ameshinda.

Baba yako,

Yose

Umeona? Miaka mitano kiwanda kimeuzwa, na mkono bado unajiendea wenyewe. Nimekata. Karatasi sikuichana, nimeiacha hivyo uone.

Baba yako,

Yusufu Bakari